Mhadhara wa Umma Juu ya Injini Kongwe na Umeme wa Nyumbani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mnaocheka huko nyuma: tulieni. Mbele yenu amesimama mtaalamu. Vyeti sina, kwa sababu bado hajapatikana wa kunitahini. Rudolf Diesel alipata hataza ya injini yake mwaka 1893, akatoweka baharini mwaka 1913 akielekea Uingereza. Tangu hapo kiti kilikuwa wazi. Nimekikalia.

Hiki ambacho wajinga wanakiita chuma chakavu ni injini ya Lister ya silinda moja, iliyostaafu kwenye mashine ya kusaga. Nguvu farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika. Vijenereta vyenu vya petroli huzunguka mara 3,000 vikilia kama mbuzi wa mnadani. Mzee huyu hana haraka, alishaona mengi.

Sasa sayansi. Andikeni. Dainamo ya ncha nne sharti izunguke mara 1,500 kwa dakika ndipo itoe umeme wa hezi 50. Gawanya 1,500 kwa 650, unapata kama 2.3. Basi puli ya injini iwe na kipenyo mara 2.3 ya puli ya dainamo. Ukizibadilisha nafasi, dainamo itajikokota chini ya mizunguko 300 na balbu itakutazama tu. Ukichezea gavana inayodhibiti mwendo wa injini ili taa zing'are, volti zinapanda na vyombo vinaungua. Friji ya shemeji iliungua, lakini nimeichunguza: haikuwa imezoea umeme wa hadhi hii.

Kuwasha ni ibada. Unainua kikono cha kuachia pumzi, unazungusha hendeli hadi gurudumu zito likolee, unakiangusha kikono: du! Moshi mweusi mmoja, kisha du… du… du… Hakuna plagi hapo. Hewa ikibanwa sana inapata joto, na dizeli ikirushwa ndani inajiwakia yenyewe. Hendeli inazungushwa na mpwa wangu. Mtaalamu hushika daftari.

Maji ya kupoza yanakaa kwenye pipa: ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, bila pampu. Familia nzima inaoga maji ya moto. Hata hivyo, mke wangu hajashawishika. Tangu nilipomweleza kwamba mwaka 1900 kule Paris injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kabati la jikoni lina kufuli.

Wapo wanaonong'ona kwamba umeme wa dizeli ni ghali kuliko wa mita. Kweli. Lakini umeme wa mita nani anausikia? Wangu unasikika hadi sokoni.

Mawili ya mwisho, na hapa asicheke mtu. Kwanza, injini isiwashwe ndani ya nyumba. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Bomba la ekzosi litoke nje. Kwamba la kwangu linaelekea kwa jirani, huo ni uamuzi wa upepo. Pili, ole wake atakayechomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Umeme utarudi hadi kwenye transfoma, utapandishwa kuwa maelfu ya volti, na fundi aliye juu ya nguzo, anayejua laini imezimwa, atakufa. Fungeni swichi ya chenjova, na aifunge fundi umeme mwenye leseni, maana fani hiyo ndogondogo nimewaachia wengine.

Nimemaliza. Maswali hayapokelewi. Ila injini ina kiu, na leo usiku kuna mpira: kila atakayekuja kutazama kwangu aje na lita moja ya dizeli. Petroli mrudi nayo nyumbani.