Maria Theresa Aenda Kuvua

Mume wangu ana wanawake wanne, na mimi ndiye ninayewapangusa vumbi. Wote ni wa fedha, wote ni marehemu, na wote walikuwa wakilala ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la sahani. Yeye ni mwalimu wa historia hapa Pweto, Kongo. Sharti alilojiwekea ni moja tu: kipande kiwe fedha ya kweli, na uso ulio juu yake uwe wa mwanamke aliyeacha jina duniani. Kiwe medali au kiwe sarafu, kwake sawa. Mimi sioni sawa hata kidogo, maana wanawake hawa huletwa kwa pesa ya unga.

Wa kwanza kuingia alikuwa Marie Curie, aliyekuja kwa basi kutoka Lubumbashi ndani ya soksi ya binamu. Ni sarafu ya Ufaransa ya faranga 100, gramu 15, iliyotolewa mwaka 1984 kuadhimisha miaka 50 tangu afariki. Akafuata Malkia Victoria kwenye rupia ya India, pua imelika hadi angeweza kuwa mtu yeyote. Wa tatu ni Fabiola, na huyo alituletea mjadala. Faranga 50 za Ubelgiji za mwaka 1960 zilitolewa kwa ajili ya harusi yake na Mfalme Baudouin, miezi mitano na nusu baada ya mfalme huyo kutuachia nchi, na bwana harusi naye yupo palepale, shavu kwa shavu na mkewe. Nikauliza sharti limekwenda wapi. Mume wangu akasema huyo mwanamume tumhesabu msindikizaji.

Wa nne alikuwa mkubwa kuliko wote. Mchuuzi mmoja aliyevuka ziwa kutoka Nchelenge, Zambia, alikuja na mtaji wa sabuni na betri, na chini ya sabuni akatoa duara la fedha lenye mama mnene mwenye shela kichwani. Juu ya kichwa kulikuwa na tundu, kwani zamani mtu alilivaa shingoni. Mume wangu akalisogezea sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu, halikunata. Akaenda kulipima kwenye mzani wa wanunuzi wa madini, likakaribia gramu 28. Alirudi nyumbani anatembea kama bwana arusi.

Huyo ni Maria Theresa, aliyetawala Austria tangu mwaka 1740 hadi alipokufa mwaka 1780. Sarafu yake ilipendwa sana huko Arabuni, Uhabeshi na Unguja hata wakaendelea kuichapa akiwa kaburini, tena kwa mwaka uleule wa 1780. Ilichapwa Vienna, London, Bombay, hata Brussels. Watu wa pwani waliiita riale, na masonara waliiyeyusha wakafua vikuku. Mume wangu anaamini riale yetu ilipanda bara na misafara ya pembe na watumwa, maana Livingstone alipofika kwenye ziwa hili la Mwero Novemba 1867, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshatangulia kwa Kazembe. Mimi naamini ilipanda bara na sabuni. Lakini sikusema.

Nilichosema ni kwamba fedha ipo hapahapa kwetu. Katika teritwari hiihii ya Pweto kuna mgodi wa Dikulushi, wa shaba na fedha, ulioanza kazi mwaka 2002. Mawe yake yalipakiwa kwenye vyombo pale Kilwa yakavushwa ziwa kwenda Zambia. Tukaiona fedha yetu inavuka kwenda, sasa tunainunua inavuka kurudi, imeongezewa kichwa cha mama wa Kizungu. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo historia. Anapokosa jibu husema hivyo.

Matatizo yalianza mezani, penye bukari na sombe, mama mkwe alipotaka kujua hawa wageni ni akina nani na walifanya nini. Mama mkwe hapokei mtu bila kujua ukoo wake. Maria Theresa alipita haraka: mume wangu alitaja vita, kodi, shule alizofungua, na mama mkwe akaendelea kuchambua mifupa ya samaki mpaka aliposikia kwamba huyo mama alizaa watoto 16. Akainua uso. "Kumi na sita? Wa tumbo moja?" Tangu hapo akawa anamwita Mama Mzazi, na siku moja nilimkuta anamsugua kwa majivu ili ang'ae, jambo ambalo wakusanyaji wanasema ni dhambi kubwa.

Marie Curie hakubahatika hivyo. Mume wangu alieleza vizuri, tena kwa fahari ya Kikatanga: kwamba mama huyu aligundua radiamu mwaka 1898, na kwamba baadaye radiamu nyingi ya dunia ilitolewa kwenye mawe ya Shinkolobwe, kule karibu na Likasi. Alieleza Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1903 na ya pili ya mwaka 1911. Angeishia hapo, tungekula salama. Akaongeza kwamba miale ndiyo iliyomharibia damu hadi akafa, na kwamba madaftari yake mpaka leo yana sumu hiyo, yanatunzwa Paris ndani ya masanduku ya risasi.

"Ndani ya nini?" akauliza mama mkwe.

"Risasi, mama. Ule uzito wa wavu. Inazuia miale."

"Na wewe umemlaza juu ya sahani zangu."

Mume wangu akacheka, akaeleza kwamba sarafu ni fedha tu, haina radiamu, ni picha yake. Mama mkwe hakujibu. Desemba 2000 vita ilipofika Pweto, mama huyu aliwaambia watu usiku kwamba milio inakaribia, wanaume wakamweleza kitaalamu kwamba iko mbali. Akafunga watoto na sufuria kwenye kitenge, akavuka kwenda Zambia, akaishi miaka katika kambi ya Kala. Ukimweleza kitu kitaalamu, ndipo anapoanza kufunga vitu vyake.

Siku zikapita. Ikafika 8 Machi, siku ya wanawake. Wanawake tumevaa vitenge vyetu vya sare tayari kwa maandamano, na mume wangu ameahidi kuwaonyesha wanafunzi wa kike mkusanyo wake kabla hawajaondoka. Akashusha kopo, akafungua kifuniko mbele ya wasichana wa darasa la tano. Ndani mlikuwa na samaki wadogo wa chisense waliokaushwa, wamejaa hadi juu, na mmoja akaruka akamwangukia kwenye tai.

Sitaeleza yote yaliyosemwa. Watoto walihojiwa mmoja mmoja. Mimi niliulizwa kwa adabu, lakini niliulizwa, na sijasahau. Kabati lilivutwa, panya akatoka, na mke wa jirani aliyekuja kunipitia akakaa kabisa chini ili asipitwe na kitu. Ndipo mama mkwe akarudi kutoka misa ya asubuhi, medali yake ya Mwenyeheri Anuarite shingoni, akashangaa kelele.

"Mnatafuta wale wagonjwa? Niliwaweka kwenye risasi."

Alikuwa amewamimina wote ndani ya boksi la shemeji, mdogo wa mume wangu, ambamo huwa anaweka vipande vya risasi vya kuzamishia wavu. Kwa nini wote? Kwa sababu walilala kopo moja na yule wa radiamu, wameshaambukizana. Hoja ilikuwa nzito na mwalimu hakuwa na muda. Akakimbilia kwenye boksi. Marie Curie yupo. Victoria yupo. Fabiola yupo, na msindikizaji wake. Mama Mzazi hayupo.

Shemeji tulimngoja ufukweni. Mtumbwi ulikuja umelala, umejaa samaki aina ya pale na vitoweo vingine hadi maji yanachungulia ndani, na vijana wake wanaimba. Wavu ukashushwa. Katikati ya kamba ya chini, kati ya risasi mbili, Maria Theresa alikuwa ananing'inia kwa tundu lake, amefungwa kwa uzi wa nailoni, mweupe kuliko nilivyowahi kumwona kwa sababu ya mchanga wa ziwa.

"Risasi ilipungua moja," shemeji akasema. "Nikaona huyu ana tundu tayari, nikajua ametengenezwa kwa kazi hii."

Mume wangu akatoa wembe akate uzi. Shemeji akamshika kaka yake mkono, kwa heshima zote. "Yaya, usimtoe. Tangu nimfunge, sijarudi mtupu."

Tukahamia nyumbani kuamua. Mume wangu aliongea vizuri sana. Alisema upande wa Zambia uvuvi hufungwa tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, ziwa limepumzika, samaki wamezaliana, mwanzoni mwa Machi hata mtu akivua kwa kikapu atapata. Alisema sarafu haiiti samaki. Shemeji akauliza, kwa nini basi jirani yake, kwenye maji yaleyale, alipata nusu yake? Na mama mkwe, ambaye ndiye anayeuza samaki hao sokoni na alishahesabu pesa, akasema mwanamke aliyezaa 16 anajua jinsi ya kujaza nyumba.

Mimi hapo nilichoka kidogo. Tuzo mbili za Nobeli zimemfikisha mwenzetu kwenye boksi la risasi kama mhalifu, na huyu kwa uzazi tu amepewa mtumbwi. Nikalisema, tena kwa sauti, nikiwa bado na kitenge changu cha 8 Machi ambacho hakikufika kwenye maandamano. Mama mkwe akanitazama kwa huruma. "Huyo wa tuzo alizaa?" Wawili, nikasema, na mkubwa wao naye alipata Nobeli, mwaka 1935. Akafikiri. "Kumbe malezi mazuri," akasema, na jioni hiyo Marie Curie akaruhusiwa kurudi kabatini, ila kwenye rafu ya chini, mbali na sahani.

Maria Theresa alibaki kazini. Mume wangu hulipwa samaki wawili kila wiki kama kodi ya sarafu, na kwa kweli fedha yake haikuwahi kutulisha kabla ya hapo. Nilidhani yameisha. Jana shemeji alikuja kunywa chai, akalifungua kopo bila kuombwa, akaigeuza rupia kwenye mwanga.

"Yaya, huyu mwenye pua iliyolika, yeye alizaa wangapi?"

Mume wangu hajawahi kuacha swali la historia bila jibu. "Tisa," akasema.

Shemeji akamtazama mama yake. Mama mkwe akageuka kwangu. "Mkwe wangu, ule msumari mrefu tuliuweka wapi?"