Kabla Hamjamfufua Imhotep, Pitieni Githurai

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Universal Pictures,
Universal City, California.

Kutoka: Benchi la nyuma, Kiuu, Githurai 45, Ruiru.

KUH: KUFUFULIWA KWA MAITI MLIYEMZIKA WENYEWE

Waheshimiwa,

Tumepata habari kwamba mnataka kutuletea The Mummy nyingine. Mwishoni mwa 2025 waandishi wa sinema wa huko kwenu waliarifu kuwa mnaongea na Brendan Fraser na Rachel Weisz warudi, na kwamba uongozaji mmewapa wale jamaa wanaojiita Radio Silence. Sisi wa Kiuu tulifurahi kama dakika tano hivi. Kisha tukakumbuka ni kina nani wanaotuahidi.

Huenda hamtujui. Ukitoka Nairobi kwa Thika Road, ukifika mzunguko wa Githurai, kushoto ni 44, ambayo ni Nairobi, na kulia ni 45, ambayo ni Kiambu. Namba zenyewe zilitokana na matatu. Sisi ni wa kulia, karibu na soko, pale mtu anaponunua nyanya huku akisikilizia kama treni inakuja. Hatuna ofisi wala msemaji. Lakini kwa habari za Imhotep, maiti wenu huyo, tuna haki kama mtu mwingine yeyote, na nitawaeleza kwa nini.

Ile ya 1999 hatukuiona kwenye jumba la sinema. Thika Road iliwahi kuwa na Fox Drive-In, ila pale ulihitaji gari, na baba zetu walikuwa na baiskeli. Tuliiona kwenye kibanda cha mabati, kiingilio shilingi kumi, tano kama ulikubali kukaa chini. Televisheni ilifungiwa ndani ya kizimba cha vyuma kama mshukiwa wa mauaji. Mlango ulikuwa blanketi. Nje palikuwa na ubao ambao mwenye kibanda aliuandika kwa chaki: MAMI 1, MAMI 2, JET LI MPYA, halafu chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, ARSENAL. Maana yake ni kwamba saa kumi na moja jioni ikifika, hata kama Imhotep amebakiza pua tu awe mtu kamili, kanda inatolewa. Kuna watu wazima hapa Kiuu, wenye wake na mikopo, ambao hadi leo hawajui kama alipona.

Siku moja stima ilipotea pale kimbunga cha mchanga chenye uso wa Imhotep kinapofungua mdomo kuimeza ndege. Giza totoro, watu wamebanana, hakuna anayetaka kutoka maana kumi yake imeshaliwa. Kijana mmoja aliyekuwa ameiona asubuhi akasimama mbele ya kizimba, mtu akammulika kwa tochi, akaimaliza filamu kwa mdomo. Alitupigia mlio wa ndege, wa upepo, wa bunduki. Alitudanganya sana. Kwake ndege ilianguka mtoni Ndarugu, kupita Juja, na Imhotep akafukuzwa na akina mama waliokuwa wakifua. Baadaye niliuona mwisho wenu mliotumia mamilioni ya dola. Wa kijana ulikuwa bora.

Nalitaja hili kwa sababu nadhani hamjui filamu yenu iliishi vipi ilipotoka mikononi mwenu. Huku muvi ya kizungu haijakamilika mpaka mtu wetu aiingilie. DJ Afro amejenga jina zima kwa kazi hiyo: anaongea juu ya sauti yenu, anawabatiza wahusika upya, anamsuta adui, risasi zikiendelea. Uganda wana VJ Jingo na wenzake, Tanzania walikuwa na Lufufu. Hawakuajiriwa na studio yoyote. Na bado ni wao waliowafanya mastaa wenu waitwe kwa majina ya utani kwenye vituo vya bodaboda, wakachorwa ubavuni mwa matatu, wakaigizwa na watoto wenye bunduki za mabua ya mahindi.

Najua mawakili wenu wameshaanza kunoa kalamu. Nakala zile hazikuwa halali, hamkupata hata ndururu. Haya, tufanye hesabu. Ninyi ile ya 1999 mliitengeneza kwa dola milioni 80 hivi na mkavuna zaidi ya milioni 400 duniani, kwa hiyo kumi kumi zetu hazikuwalaza njaa. Sisi kwa upande wetu tumewatunzia mali hii tangu wakati huo, bila mshahara, hata katika miaka ambayo ninyi wenyewe mlikuwa mkiiharibu. Mkituletea deni, nasi tutawaletea bili ya ulinzi.

Na mmeiharibu kweli. Mwaka 2001 mlituletea ya pili, tukaipenda, ila mwishoni mkamtoa The Rock akiwa nusu mtu nusu nge, amechorwa kwa kompyuta hivi kwamba mtoto wa jirani aliuliza ni nani ameshika kidhibiti cha PlayStation. Tukawasamehe. Mwaka 2008 mkaja na ile ya China. Jet Li yumo, tukalipa. Kumbe Rachel Weisz hayumo! Evelyn yule yule, mume yule yule, mtoto yule yule, ila sura ni ya Maria Bello, na hakuna hata mtu mmoja kwenye filamu anayeshtuka. Kibandani palizuka kikao. Mwisho mzee mmoja akatoa uamuzi kwamba O'Connell ameoa wa pili na mtoto hajaambiwa. Filamu ikaendelea kwa amani. Ninyi mlikuwa na waandishi wa kulipwa. Hamkutupa hata uongo wa kiwango hicho.

Halafu 2017. Waheshimiwa, 2017 ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Mlikuwa na Tom Cruise. Mlikuwa na Russell Crowe. Kabla filamu haijatoka mlitangaza himaya nzima, mkaiita Dark Universe, mkatoa picha ya mastaa watano wamejipanga kwa mapozi, Johnny Depp na Javier Bardem wakiwemo. Baadaye ikajulikana kuwa picha yenyewe iliungwa kwa kompyuta, hawakuwa chumbani pamoja. Tulicheka, lakini hatukushangaa, maana kila uchaguzi hapa Kiuu tunaona mabango ya wagombea wamekumbatiana na vinara ambao hawajawahi hata kuwapungia mkono. Filamu ikatoka, watu wakaiponda, na himaya ikafa kabla ya filamu ya pili. Miezi kadhaa nyuma, Desemba 2016, kipande cha tangazo lake kilikuwa kimetoka kimakosa kikiwa na nusu ya sauti: ndege inaanguka kimya kimya, na kinachosikika ni Tom Cruise tu akipiga mayowe. Dunia nzima ilikesha ikicheka. Sisi tulisikitika kitaaluma. Kipande kama kile, kimeachwa wazi hivyo bila sauti, kingeletwa Githurai saa mbili asubuhi, kufikia saa nne kingekuwa na ngurumo, muziki, matusi kidogo na salamu kwa watu wa Ruiru.

Nataka kuwa mwadilifu. Si kila mfu anayefufuliwa hunuka. George Miller aliirudisha Mad Max mwaka 2015, tena kwenye jangwa la Namibia, na mtu aliyesema ni mbaya sijamwona. Ila jirani zenu Disney walimtoa Harrison Ford mwaka 2023 akiwa amepita miaka 80, wakamvisha kofia ya Indiana Jones, wakatumia karibu dola milioni 300, na watu wakabaki nyumbani. Hao hao Disney ndio waliosajili maneno "hakuna matata" kama alama yao ya biashara kwenye fulana, kwa hiyo nawaomba mapema: mkisikia neno lolote tamu hapa mtaani, liacheni lilipo.

Tatizo lenu, kwa maoni ya benchi la nyuma, ni kwamba kila mkiingia kaburini mnatoka na kitu kisichotakiwa. Mnatoka na jina. Mnatoka na hirizi, na mende, na mchanga, na mkataba wa filamu sita. Hakuna hata mmoja kibandani aliyelipa kumi kwa ajili ya mchanga. Tulimlipia staringi ambaye maiti akimngurumia usoni, naye anapiga kelele vilevile, halafu ndipo anafyatua. Tulimlipia msichana wa maktaba aliyeangusha rafu zote kwa ngazi moja. Na tulimlipia Beni. Mnamkumbuka Beni? Imhotep anamsogelea, naye anatoa mkufu wa dini moja na sala yake, usipofanya kazi anatoa wa dini nyingine, mpaka mmoja ukubali. Hakuna aliyehitaji kututafsiria. Huyo tunaye: Ijumaa utamkuta msikitini, Jumamosi kwa Waadventista, Jumapili kwa Wakatoliki, na kila mahali ana bahasha.

Filamu ya Tom Cruise haikuwa na Beni. Ilikuwa na huzuni nyingi na taa chache.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hamkulitarajia kutoka huku. Tulimshangilia O'Connell, ndiyo, lakini tulimshangilia Imhotep pia, hasa alipokuwa akila wale waliofungua sanduku lake. Kwa mtazamo wa hapa, kesi yake ilikuwa wazi. Watu wametoka ng'ambo, wamechimba kaburi la mtu, wamebeba mali yake, halafu wanashangaa mwenyewe akiamka. Kwenye ile ya 2001 mlimpeleka mpaka British Museum. Nasi tuna wafu wetu ng'ambo: simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 wako Chicago mpaka leo, nyuma ya kioo. Huenda nao siku moja wakaamka, na mkiitengeneza filamu hiyo tutalipa ishirini. Angalieni pia maiti wenu wa 2017, Ahmanet. Alifika Uingereza akiwa amekufa, kwa ndege iliyoanguka, bila barua ya benki wala alama za vidole. Kuna vijana hapa mtaani wazima wa afya ambao wamenyimwa viza mara mbili.

Imhotep wa kweli, kama hamjapata nafasi ya kusoma, hakuwa zimwi. Alikuwa waziri wa Farao Djoser, na ndiye anayetajwa kuwa alisanifu piramidi ya ngazi ya Saqqara, ambayo imesimama zaidi ya miaka 4,600. Wamisri walikuja kumheshimu kama mungu wa uganga. Mtu mwenye sifa hizo angepita Ruiru leo angepewa kazi Jumatatu, maana tuna maghorofa ambayo hayajamaliza miaka kumi na tayari tunayapita mbio. Ninyi mkampa kazi ya kunyonya Wamarekani macho. Kisha nchi yake mkaichezea Morocco, kwa kuwa Misri haikuwa shwari. Sawa. Lakini safari hii, kama mmepata angalau Mmisri mmoja mwenye mistari zaidi ya mitatu, mtuandikie mapema tujiandae kisaikolojia.

Kuhusu Fraser, hapo hatutanii. Yule mtu mlimtumia vibaya. Kwenye tukio la kunyongwa, ile ya kwanza, alikabwa mpaka akapoteza fahamu kweli. Kufikia ya tatu amesema alikuwa akiunganishwa kwa utepe na barafu, kisha ikawa ni upasuaji juu ya upasuaji. Akapotea miaka mingi, akarudi na Oscar mwaka 2023 kwa filamu ambayo karibu yote ameketi. Sasa mnampigia simu. Tunawaomba mumwachie magoti yake. Akitakiwa kuruka kutoka garini, mrusheni mtendaji mmoja wa studio, tena tutamshangilia zaidi.

Masharti mengine ni machache. Weisz arudi yeye mwenyewe, au mtupe uongo mzuri. Msitangaze filamu ya tano kabla hatujaiona ya nne. Pesa za kompyuta mzipunguze. Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex kwa gharama inayosemekana haikufika dola 200, na helikopta yake ilituogopesha kuliko nge wenu. Na msitupeleke kwenye zile sinema za ndani ya maduka makubwa, ambako tikiti moja na bisi zake ingeingiza kibandani ploti nzima na mlinzi wao. Leteni nakala moja rasmi Githurai, yenye muhuri wa bodi, na nyimbo zake mziweke kando ili mtu wetu apate nafasi ya kuongea. Mkichelewa, msijali. Tutaipata.

Ni sisi,
Benchi la nyuma.

Nakala kwa:
DJ Afro, ajiandae.
Bodi ya Kuainisha Filamu, kwa taarifa tu.
Mwenye kibanda wa zamani, ambaye sasa ana duka la M-Pesa pale pale: tunakudai nusu saa ya mwisho tangu siku ya Arsenal.