Alikupiga Nani?

Mcheza karate hana ruhusa ya kuchechemea. Fundi cherehani akijichoma sindano hupewa pole. Kijana wa bodaboda akianguka, jirani hutoka mbio na beseni la maji. Lakini wewe uliyezoeleka kupita mtaani jioni na gi nyeupe begani, umeifunga kwa mkanda ili rangi yake ionekane vizuri, siku utakayovuta mguu swali ni moja tu, kuanzia kwa muuza vitumbua hadi kwa mjumbe: "Alikupiga nani?"

Hakuna aliyenipiga, na hapo ndipo maelezo yanapokuwa magumu. Goti langu la kulia liliumia nikicheza kata, ule mfululizo wa mapigo na makingo unaoucheza peke yako, ukipambana na watu ambao hawapo. Kata yenyewe ni Saifa, ya mtindo wa Goju-ryu, fupi, hata watoto hufundishwa mapema. Karibu na mwisho wake kuna mgeuko: unavusha mguu, unazungusha mwili kuelekea ulikotoka, unatua kwa mkao wa paka huku mikono ikizunguka mbele ya kifua. Sakafu ya ukumbi ilikuwa imelowa jasho la darasa la watoto waliotangulia, kisha likakauka nusunusu na kuacha utando wa kunata. Nyonga ikageuka, paja likafuata, unyayo ukagoma. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua, kuzunguka linaweza kidogo tu, lakini siku hiyo lilitaka kuwaridhisha wa juu na wa chini kwa pamoja. Likalia "tak", nami nikakaa chini bila kuamriwa.

Haya, mweleze hayo muuza vitumbua.

"Kwa hiyo ulikuwa unapigana na nani?"

"Na mtu wa kufikirika tu, mama. Hayupo."

"Na bado kakuvunja?" Akageuza kitumbua kimoja, akanitazama kwa huruma. "Basi huyo achana naye, mwanangu. Ana mambo yake."

Hospitali daktari alikuwa na goti la plastiki mezani, akalikunja na kulikunjua mbele yangu kwa ulaini ulionitia wivu. Ndani ya kila goti, alisema, kuna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyopokea uzito ili mfupa wa paja usisagane na wa chini yake. Changu cha upande wa ndani kilikuwa kimechanika kidogo. Ubaya wake ni kwamba gegedu hilo hupata damu ukingoni tu. Kadiri mchaniko unavyoingia katikati ndivyo damu inavyokosekana, na pasipo damu hakuna haraka ya kupona. Upasuaji hautahitajika, nifanye mazoezi ya kuimarisha msuli wa paja, na niwe na subira.

"Unacheza mpira?" akauliza.

"Karate."

Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, muda mrefu kuliko alivyoliangalia goti, kisha akaandika jambo kwenye faili ambalo mpaka leo natamani kulisoma.

Nyumbani kulizuka vita kati ya moto na barafu. Sensei, mwalimu wangu wa karate, alikuwa ameagiza barafu. Shangazi yangu, aliyefunga safari kutoka Tanga baada ya kusikia kwamba nimepigwa na mtu asiyeonekana, alitaka maji ya moto yenye chumvi, kitambaa, na baadaye kuchuliwa kwa mafuta ya mnyonyo. "Barafu kwenye kiungo!" alishangaa. "Unatafuta baridi yabisi na meno yako yote bado unayo?"

Nikamtii Sensei kwa siri. Friji hatuna, ila mama wa chumba cha pili huuza barafu za ubuyu, zile nyekundu za kwenye vifuko, ambazo watoto hung'ata kona na kufyonza. Nikanunua za kutosha, nikatoka nazo barazani nikiwa bado na suruali yangu ya gi, nikazipanga gotini na kuzifunga kwa kanga. Joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili halina mchezo. Haukupita muda mrefu kifuko kimoja kikaachia, kisha kingine, na mimi usingizi ulikuwa umenichukua. Nilichoamkia ni ukelele. Jirani alikuwa amesimama na ndoo mkononi, akiitazama suruali nyeupe iliyolowa wekundu kuanzia gotini hadi kwenye kifundo cha mguu, na matone yakidondoka sakafuni. Watu wakajaa. Mmoja akapendekeza bodaboda, mwingine bajaji kwa sababu mgonjwa hawezi kukaa. Shangazi alitoka ndani ameshika kichwa kwa mikono miwili. Aliyetuokoa ni mtoto wa yule mama, aliyepenya katikati ya miguu ya watu, akachovya kidole kwenye goti langu, akakilamba, akatangaza: "Ubuyu. Umezidi sukari."

Suruali ile haijawahi kurudia weupe wake. Na Shangazi alishinda vita, kwa sababu nilifanya ujinga wa kumsomea nilichokikuta mahali: daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, ndiye aliyeeneza mwaka 1978 ule ushauri wa kupumzisha, kuweka barafu, kufunga bandeji na kuinua kiungo kilichoumia, na miaka zaidi ya thelathini baadaye akaandika mwenyewe kwamba barafu huenda inachelewesha kupona. Mirkin hakusema lolote kuhusu maji ya chumvi wala mnyonyo. Hilo halikumsumbua Shangazi hata kidogo. "Mzungu kakiri," alisema, akabandika sufuria jikoni.

Kabla ya kuumia sikujua maisha ya kawaida yanadai kukunja goti kiasi gani. Chojun Miyagi wa Okinawa, aliyeuasisi mtindo wetu, alitupa mikao ya chini yenye kutesa mapaja, lakini hakuwahi kupanda daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Siti zile hazikupimwa kwa mtu mwenye mguu usiokunjika. Nikiunyoosha kwenye ujia, abiria hujikwaa na kunilaani kwa zamu.

"Kaka, kunja mguu."

"Haukunjiki, konda."

"Basi ulipie nauli."

Choo cha kuchuchumaa nitakipita haraka kwa heshima ya msomaji. Niseme tu kwamba mlango wetu hauna komeo, na mguu ulionyooshwa umepata kazi ya kuuzuia.

Msikitini nako nilihamishwa. Sijda na tahiyatu zilinishinda, nikapewa kiti mwisho wa safu, waliko wazee wa viti. Wana serikali yao pale. Walinipokea kama mtu aliyepandishwa cheo kabla ya umri wake, wakanipa kiti kisichoyumba, wakaanza kunihoji. Babu mmoja alitaka kujua kama goti langu linatabiri mvua. Nikasema bado. "Subiri masika," akanituliza. Mwingine aliuliza alinipiga nani, na nilipomweleza kata, alifikiri kidogo, akasema kwamba hata yeye ujanani alikuwa na rafiki anayejipiga mwenyewe, ila huyo alikuwa mlevi.

Dojo sikuacha kwenda. Sensei hakuruhusu niache, akisema mwenye macho anaweza kujifunza kwa macho. Tatizo lilikuwa salamu za kuanza, pale wote wanapopiga magoti na kukalia visigino. Mimi nilikaa sakafuni mguu umenyooka mbele, unyayo ukimwelekea Sensei moja kwa moja na, ukutani nyuma yake, picha ya mwasisi. Hakuna utamaduni ninaoujua unaosamehe jambo hilo. Nikahamishiwa kwenye benchi, nikapewa kazi ya kuwahesabia watoto: ichi, ni, san, shi. Ni kazi ya heshima mpaka mtoto mwenye mkanda wa njano akugeukie mbele ya wenzake na kusema, "Mjomba, umeruka saba."

Siku niliyoruhusiwa kupigana tena, kwa upole, Sensei alituketisha kwanza na kutusimulia fainali ya judo ya Olimpiki ya Los Angeles, 1984, uzani wa wazi. Yasuhiro Yamashita wa Japani alifika fainali akichechemea, msuli wa nyuma ya mguu wake wa kulia ulikuwa umechanika katika pambano la awali. Mpinzani wake, Mohamed Ali Rashwan wa Misri, alishindwa, akapata fedha, na akaeleza kwamba hakutaka kuushambulia mguu ule. Dunia ikamheshimu kwa hilo na akatunukiwa tuzo ya uungwana michezoni. "Huyo," alisema Sensei, akimtazama kijana wa mkanda wa kahawia aliyepangwa nami, "ni Mwafrika mwenzenu. Mmeelewa?"

"Osu!" tukaitikia sote.

Kijana huyo huuza makava ya simu Kariakoo na ni msikivu sana. Tuliinamiana. Nikajiweka vizuri, mguu mzima mbele, mgonjwa nyuma. Alizunguka, akaniangalia magoti yote mawili kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akaja na fagio safi kabisa la mguu, la kitabuni, akaufyeka ule mzima. Uzito wangu wote ukabaki juu ya gegedu lisilopata damu. Nilikwenda chini nikisikia tena ile "tak" niliyodhani tumeshaagana.

"Wewe!" Sensei alipaza sauti. "Nimesema nini sasa hivi?"

Kijana alisimama wima, mikono mapajani, kwa uso wa mtu anayesubiri tuzo yake. "Osu, Sensei. Mgonjwa nimeuacha. Nimepiga mzima."

Hakuna aliyepata la kumjibu. Mimi mwenyewe, nikiwa chali, niliitafuta kasoro ya hoja yake, sikuiona.

Kwa hiyo nimerudi benchi, na nimerudi kwenye mazoezi ya daktari: kulala chali na kuinua mguu ulionyooka, kuushikilia juu, kuushusha taratibu, kisha kuegemea ukuta na kushuka kidogo tu, mapaja yakitetemeka. Shangazi naye amerudi Tanga, kaniachia chupa ya mnyonyo na masharti. Ukuta wetu wa nyumbani unabanduka chokaa, basi mazoezi hayo nimeyahamishia msikitini, barazani, baada ya alasiri, na wazee wa viti hawakukubali kubaki watazamaji. Alianza babu wa mvua, akidai goti lake ndilo kongwe zaidi. Sasa wako kundi zima, wamelala kwenye mikeka kwa safu iliyonyooka, kanzu zimekunjwa kwa adabu, miguu juu, nami nawahesabia. Wanapumua vizuri kuliko watoto wa dojo na hawanikosoi nikiruka namba. Mmoja tu ndiye mkorofi. Juzi aliinuka akajikung'uta, akaja hadi nilipokaa akiwa amejishika kiuno.

"Kijana, hapa tumeshafanya kazi ya kutosha," alisema. "Mikanda unatoa lini?"

Nikamwambia kwamba mkanda una mtihani wake, na mtihani una ada.

"Ada ya nini? Mwalimu mwenyewe kapigwa na mtu hayupo."