Betri Isiyo na Barua ya Mjumbe

Mpaka leo masikio yananiwaka. Jumapili jioni, kikao cha kamati ya harusi, watu ishirini na tatu wamezunguka meza za plastiki, na mimi katibu nasoma michango kutoka kwenye laptopu. Nimefika jina la kumi na tisa. Shangazi wa bwana harusi, kwa heshima zake zote, akainuka, akachomoa waya wangu ukutani na kuchomeka chaja ya simu yake. Kioo kikawa cheusi papo hapo. Laki tisa na elfu arobaini zilizolipwa taslimu jioni ile nilikuwa nimeziandika bila kusevu.

"Katibu, hela zetu zimekwenda wapi?" akauliza mwenyekiti. Alimaanisha orodha. Nadhani alimaanisha orodha. Mweka hazina, ambaye hela zote zilikuwa mkobani mwake, akawa anaangalia dari.

"Mwanangu," shangazi akasema kwa huruma iliyosikika hadi jikoni, "si ulituambia umenunua betri mpya?"

Kweli nilinunua. Elfu themanini na tano, Kariakoo, na risiti ninayo. Imo ndani ya laptopu, nzito, nyeusi, inang'aa. Ila laptopu haikubali kwamba imo. Kwenye kona ya kioo kuna kialama cha betri chenye msalaba mwekundu, na ukikigusa unaambiwa hakuna betri iliyogunduliwa. Unaichomoa, unaipima uzito mkononi, unairudisha, inaita "tak". Hakuna betri.

Mimi nimekulia kwenye betri za redio. Unapachika chanya huku, hasi kule, taarifa ya habari inasikika. Zikichoka unazianika juani; zikichoka zaidi unaziuma kidogo, zinapata nguvu ya kumalizia mpira. Hakuna redio iliyowahi kuniuliza betri hii ni ya nani.

Fundi wa pale mtaani ndiye aliyenifungua macho. Alichukua mita, akagusa vibati viwili vya pembeni mwa betri: volti 11.4. "Umeme upo, kaka," akasema. "Ila haiongei."

Haiongei! Nilikaa kwenye kigoda chake saa mbili, nikasahau hata kwamba ninadaiwa orodha. Kumbe ndani ya lile gamba kuna seli zilizofuatana tatu, kila moja volti 3.7 hivi, na juu yao kumekaa kibao chenye chipu ambayo kazi yake ni ukarani. Vile vibati vingi mdomoni mwa betri, nilivyodhani vyote ni vya umeme, viwili ni vya mazungumzo: kimoja kinapiga mapigo kama ngoma, kingine kinapitisha maneno kwa kufuata mapigo hayo. Lugha yenyewe ina vitabu vyake vya kanuni, vilivyotoka mwaka 1995, na walioshirikiana kuitunga ni Intel na Duracell. Ndiyo, Duracell wale wale wa betri za tochi.

Kwenye njia hiyo kila kifaa kina namba ya nyumba. Betri inakaa namba 11. Laptopu ikiwaka tu, inakwenda namba 11 kupiga hodi. Betri inatakiwa kuitikia, kisha inasailiwa kama mchumba. Ametengeneza nani? Umezaliwa lini? (Miaka yake inahesabiwa kuanzia 1980, kwa hiyo mimi na betri karibu tuna umri mmoja.) Uliumbwa ubebe kiasi gani, na sasa unabeba kiasi gani? Umejazwa na kumalizwa mara ngapi? Una joto? Hapo betri haisemi nyuzi 32 kama sisi. Inajibu kwa sehemu za kumi za kelvin, yaani kwa jua la Dar es Salaam inajitangaza kuwa na karibu 3,050, na hakuna anayeshtuka.

Betri yangu ilipigiwa hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Na laptopu, ambayo kumbe imelelewa vizuri kuliko wanakamati fulani, haikusukuma mlango. Iliondoka, ikaandika hakuna mtu. Mlango wa umeme ukabaki umefungwa, ndani nguvu tele.

Nyingine huitikia vizuri, akasema fundi, lakini zinadaiwa neno la siri. Laptopu inatuma namba ya kubahatisha, betri inaichanganya na siri iliyozikwa kwenye chipu yake na kurudisha jibu. Jibu lisipolingana, imefika mtaani bila barua ya mjumbe: haichajiwi.

Sababu tunayopewa ni usalama, kwamba betri za bandia zinaungua. Zinaungua, sibishi. Lakini mwaka 2006 Dell walipoziita zirudi betri milioni 4.1 kwa hofu ya moto, zilikuwa halisi, na kila moja ingejibu hodi bila kigugumizi. Basi siri hiyo inamlinda nani? Mtengenezaji wa laptopu yangu ameacha siku nyingi kuuza betri yake halisi, na hataki nitumie ya mwingine. Umoja wa Ulaya umeshatunga sheria: kuanzia Februari 2027 programu haitatumika kuzuia betri mbadala inayofaa. Hongera kwao. Laptopu yangu ilitumika hukohuko Ulaya kabla ya kuja kwangu ikiwa na mkwaruzo na herufi Q iliyofutika. Haki imekuja baada ya mashine kuondoka.

Vibati tulivisugua kwa spiriti. Swichi niliikandamiza sekunde thelathini, betri na chaja vikiwa nje, kama nilivyoelekezwa. Muuzaji alisema nimeshafungua boksi. Jirani alishauri niianike juani.

Limebaki jaribio moja: kuweka toleo jipya la bayosi, programu ile inayoamka kabla ya kila kitu, huenda yenyewe ikaelewana na mgeni. Nililipakua. Likasoma mashine, likagoma: lazima kuwe na betri inayotambulika, yenye chaji isiyopungua asilimia 10.

Kwa hiyo nimemrudisha mzee, ile betri ya zamani. Haishiki umeme hata wa kufungua barua pepe, ila ikipigiwa hodi inaitika vizuri mno, na majibu yote inayo. Imechomekwa tangu Jumatatu. Jumanne ilifika 4. Jumatano 7. Jana saa nne usiku ilikuwa 9, nimeikodolea macho, kidole kiko juu ya kitufe. Umeme ukakatika.