Kibanda cha Mama Mkwe

Kwa Waganda, mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hamgusi, hali naye, na wakikutana njiani kila mmoja hutafuta upande wake. Huo ni mwiko wa obuko, na wazee husema anayeuvunja atatetemeka mikono mpaka kufa. Mimi ni mtu wa Tanga niliyeoa Kampala. Tunakaa Nabulagala, chini ya kilima cha Kasubi, katika nyumba ya vyumba viwili. Basi daktari aliposema mama mkwe akae karibu na hospitali kwa miezi kadhaa, tulichojiuliza kwanza si bei ya dawa. Tulijiuliza atalala wapi.

Ikaamuliwa tujenge kibanda uani. Mke wangu ni wa ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na watu wa Ngeye ndio waezekaji wa nyumba za Kabaka, mfalme wa Buganda, tangu enzi. Baba yake mdogo alikuja na pikapu iliyojaa nyasi, akaliangalia bati nililokwisha kununua, akaliegemeza ukutani bila neno. Kuanzia siku hiyo uani kwetu kukawa na mafundi wawili: yeye juu akifunga nyasi, na mama mkwe ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha, akimsahihisha.

Maana walikuwa wakibishana juu ya nyumba moja, nayo si yetu. Kule juu kilimani kuna Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba kuu ya Kasubi, ambayo nyasi zake hushuka kutoka kileleni mpaka karibu ziguse ardhi. Kabaka Mutesa wa Kwanza aliijenga kuwa ikulu yake mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo humo. Kabla yake kila Kabaka alikuwa na kilima chake, na taya lake lilitolewa likahifadhiwa mbali na mwili. Mutesa ndiye wa kwanza kuzikwa na mwili wake ukiwa kamili.

Baba mdogo alisimulia kama mwezekaji. Ukiinua macho ndani ya nyumba ile, alisema, utaona pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda, na hizo ni kazi ya watu wa Ngo, ukoo wa chui. Nyasi ni za Ngeye. Kazi ikiendelea mwanamke haingii, na mwezekaji mwenyewe halali na mkewe.

"Muko wange," aliniita, yaani mkwe wangu, "nyumba ile ni ya waliofunga kamba."

Sauti ikatoka dirishani, ikimpitia mwanangu wa miaka tisa, maana mama mkwe hakusema nami moja kwa moja: "Mwambie baba yako, wao huezeka, kisha wanashuka ngazi wanakwenda zao. Nani anabaki?"

Wanaobaki ni wanawake. Kuuzunguka ua wa Kasubi kuna nyumba za wajane wa Makabaka. Mjane akifa, ukoo wake huleta mwingine wa kushika nafasi yake, ndiyo maana hata leo Mutesa aliyekufa karne ya 19 ana wake wanaomlinda. Wanafagia, wanatandika mikeka, wanakaa zamu mbele ya pazia la mbugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba. Nyuma ya pazia ni Kibira, msitu. Haisemwi kwamba Kabaka amekufa. Amekwenda msituni.

Mama mkwe alikuwa na hoja kubwa zaidi, nami naiona ni ya kweli. Kule Uingereza jumba la bwana mkubwa humwendea mwana wa kwanza wa kiume, na jina hufuata baba. Buganda mwana wa kwanza, Kiweewa, kwa desturi ndiye asiyerithi kiti, na Kabaka hufuata ukoo wa mama yake. Kwa hiyo hakuna ukoo mmoja ulioufungia ufalme ndani. Koo nyingi zilizozaa binti zilikuwa na tumaini la kuzaa mfalme.

Mimi nilichangia kidogo, kwa sababu Kiswahili nacho kilikuwa na mkeka katika baraza ya Mutesa. Wafanyabiashara wa pwani walikileta, Kabaka akakijua, na mwaka 1875 msafiri Stanley alimwachia kijana kutoka Zanzibar, Dallington Maftaa, aendelee kumsomea Biblia kwa Kiswahili. Baba mdogo alisikiliza, akaomba nimpe fito nyingine.

Makabaka watatu walimfuata Mutesa kuzikwa katika nyumba ile, wawili wao wakirudi nyumbani kwa taabu. Mwanga, mwanawe, alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, akaletwa 1910. Daudi Chwa, aliyetawazwa mwaka 1897 akiwa na umri wa mwaka mmoja, alifuata 1939. Edward Mutesa, Mutesa wa Pili, alivamiwa na jeshi la Rais Obote katika ikulu yake, Lubiri, Mengo, tarehe 24 Mei 1966. Mvua kubwa ikanyesha, akaruka ukuta, akakimbilia London. Alifia huko mwaka 1969, naye akaletwa Kasubi mwaka 1971.

Kibanda kikamalizika, mama mkwe akahamia. Jioni moja ya mvua mke wangu alikuwa kazini. Baridi ilikuwa kali, na mama mkwe akaiingiza sigiri, jiko la mkaa, ndani. Cheche ikapanda kwenye nyasi za ubavuni. Nilipofika mlangoni moshi ulikuwa umejaa, naye amesimama pembeni ya kitanda, miguu haina nguvu. Hakusogea. Mlangoni nilisimama mimi, na hawezi kumkaribia mkwe wake. Nikimfuata ndani nitamshika. Juu yetu nyasi zilikuwa zinalia.

Kitandani palikuwa na lubugo, shuka la mbugo, alilopewa na mama yake. Nikapiga kelele anitupie ncha. Akatupa, akajizungushia ncha ya pili mkononi, nami nikavuta huku nimempa mgongo, mpaka nikamsikia anakohoa uani. Majirani wakaja na madumu ya maji. Nusu ya paa iliteketea.

Asubuhi alisema nami mwenyewe, akiwa nyuma ya ukuta. Aliniambia usiku wa tarehe 16 Machi 2010 alipanda Kasubi na mamia ya watu, wakaitazama Muzibu-Azaala-Mpanga ikiteketea, wanaume wazima wakijitupa chini. Kesho yake Rais Museveni alipokwenda kuiona, umati ulimzuia, risasi zikapigwa, watu wakafa. Unesco, iliyoiandika Kasubi katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikaiweka kwenye orodha ya hatari. Iliondolewa humo mwaka 2023, baada ya nyumba kujengwa upya na kuezekwa tena kwa nyasi.

Mimi nilitaka bati. Mke wangu pia. Mama mkwe akasema nyasi, na sigiri ikae nje. Pikapu ikarudi. Mwanangu aliomba afundishwe kufunga, na hapo baba mdogo akasita, kwa kuwa mtoto hufuata ukoo wa baba, na baba wa huyu ni Mtanga.

"Kwa nyumba ya Kabaka, hapana," alisema. "Kwa nyumba ya jjajja, bibi yake, apande."