Mwongozo wa Mwamuzi wa Briji Asiyejua Sheria Zote

Hongera, klabu imekukabidhi uamuzi. Sheria za briji ni 93, kila moja na vifungu vyake, na nusu ya wachezaji wako wanaamini wanazijua kukushinda. Usihangaike kuzikariri. Njia za mkato zipo, tena zote halali. Sogea nikunong'oneze.

1. Fika haraka, sema polepole. Kosa likishatajwa, sheria inataka uitwe papo hapo, na mtu asifanye lolote mpaka umeeleza. Uliza: "Kumetokea nini?" Mwache mmoja amalize ndipo mwingine aanze. Mtu aliyesikilizwa mpaka mwisho hupoa kabla hujaamua chochote.

2. Beba kitabu ukisome kwa sauti, hata pale unapokijua kifungu. Hii ndiyo njia ya mkato kuliko zote. Mzee aliyeshika karata tangu ujana wake hatakubali kushindwa na mtu wa juzi mezani pake, lakini kitabu kikimshinda haoni aibu. Mwambie, "Mzee wangu, hebu tusome pamoja," kisha msubiri avae miwani. Kunja kona za kurasa nne: kuanza bila zamu, zabuni pungufu, kutofuata karata, kusitasita. Mengi utakayoitiwa yamo humo.

3. Kutofuata karata ndiko kunakovunja urafiki, kwa hiyo hapa tulia. Imechezwa kopa, jamaa akakata kwa turufu akidhani kopa zimemwishia. Mizunguko mitatu baadaye kopa saba inachomoza katikati ya uru zake, nyekundu imejificha kwenye nyekundu. Meza inawaka. Usimuulize kama alikusudia. Swali hilo humvunjia mtu heshima na halikusaidii kuhesabu. Acha mchezo uishe, kisha uliza tu: mzunguko ule uliliwa na nani, na baadaye upande wake ulikula mingine?

Kama aliula yeye mwenyewe, wapinzani wapewe huo, pamoja na mmoja kati ya mingine iliyoliwa na upande wake baadaye. Kama hakuula yeye, ni mmoja tu, iwapo upande wake ulikula ule au wowote uliofuata. Halafu tazama: je, waliokosewa wamefidiwa hasara yao yote? Bado? Waongezee. Waamuzi wengi husahau hapo, na ndipo haki ilipo.

4. Akianza mtu bila zamu yake, mshindi wa mnada ana njia tano za kuchagua. Zisome zote tano, ukome. Usikunje uso kwa yoyote. Anayechagua mwenyewe hana wa kumlaumu.

5. Mchezaji amefikiri muda mrefu, akapita, na mwenzake akazabuni kwa ujasiri wa ghafla. Wapinzani watakutazama kama polisi. Neno "wizi" lisitoke kinywani mwako kamwe. Kufikiri si kosa; kosa ni mwenzake kuchagua njia iliyodokezwa na ule ukimya wakati alikuwa na nyingine ya maana. Waambie waendelee kucheza, uje uangalie karata zote mwishoni. Mara nyingi utakuta hakuna aliyeumia, na umeokoa jioni ya watu wanne.

6. Ukikosea wewe? Hapa kitabu kimekuonea huruma. Sheria ya 82 inasema mwamuzi akiharibu na matokeo yakabidi yarekebishwe, pande zote mbili zihesabiwe kuwa hazina hatia. Huna sababu ya kujificha chooni. Kabla matokeo hayajafungwa, rudi kwenye meza ileile, waambie wote wanne kwa pamoja, "Niliwasomea kifungu kisicho chenyewe," kisha keti mrekebishe alama wakiona.