Breki Zote ni Nne: Barua kutoka Val-d'Or

Ndugu zangu wa Shinyanga, Kahama na Geita, barua hii inatoka Val-d'Or, jimbo la Quebec, Kanada, mji ambao nao unaishi kwa dhahabu: maduka ya vifaa vya mgodi, vijana wenye hela ya ghafla, na magari makubwa kuliko shida zao. Tofauti yake na Geita ni kwamba mwezi Januari huku nyuzi 20 chini ya sifuri si habari, na usiku gari linachomekwa kwenye umeme ili injini isigome asubuhi. Msishangae mtu wa Usukumani kufika huku. Watu wa huku ndio walioanza kuja kwetu. Dk. John Williamson, aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, alikuwa mzaliwa wa Quebec. Aliiacha theluji ya kwao akaishi na vumbi letu hadi alipofariki mwaka 1958. Mwenye akili alitoka huku akaja huko. Sisi tumepita njia hiyohiyo kinyumenyume.

Nataka kuzungumzia imani moja ambayo imeota mizizi kwenye migodi ya pande zote mbili za bahari, kwamba gari la fowili lenye tabo, hasa ile Subaru Impreza ya buluu yenye rimu za rangi ya dhahabu, halina habari na theluji. Mtu wa ughaibuni anaegemea gari lililofunikwa theluji hadi kwenye vioo, anavaa miwani ya jua ambalo halipo, anapiga picha na kuituma. Huko Katoro picha inazungushwa, na mtu aliyeuza gramu mbili jana anatamka hukumu: hilo ndilo gari, hata barafu linakanyaga. Kwamba linaikanyaga sibishi. Ninachobisha ni kinachofuata baada ya kuikanyaga. Fowili inakusaidia kuondoka, haikusaidii kusimama. Na kwenye barafu, ndugu zangu, waliopelekwa hospitali si wale walioshindwa kuondoka.

Tuanze na chuma chenyewe. Gari la kawaida linasukumwa na magurudumu mawili, kwa hiyo linapoondoka linatumia mshiko wa magurudumu hayo mawili tu, na mengine mawili yanafuata kama abiria. Fowili inagawa nguvu ya injini kwa yote manne, na hapo ndipo sifa zake zote zinapotoka: inapanda kilima chenye theluji, inatoka kwenye maegesho ambako Corolla imebaki inazungusha tairi na kupiga kelele. Sifa hizo ni za kweli na sitampunguzia mtu hata moja. Lakini breki ni kitu kingine. Kila gari mnalolijua, kuanzia mchomoko wa Kahama uliojaza abiria hadi mabegani mwa dereva, mpaka shangingi la mkubwa, lina breki kwenye magurudumu yote manne. Katika kusimama, magari yote ni fowili. Mwenye Subaru hakuuziwa gurudumu la tano la kusimamia. Ni sawa na mkokoteni unaoteremka kilima: hata ukifungia ng'ombe sita badala ya wawili, umeongeza wa kuvuta, hujaongeza wa kuzuia.

Hesabu yake si ngumu. Kwenye lami kavu, gari lenye matairi mazuri likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa husimama ndani ya mita 12 hadi 15 tangu breki zishike. Kwenye barafu tupu mshiko unaweza kushuka hadi kiasi cha moja ya nane ya ule wa lami, na gari lilelile, kwa mwendo uleule, likahitaji karibu mita 100. Yaani ukanyage breki kwenye goli moja la Uwanja wa Kambarage, usimame karibu na goli la pili, kipa akiwa ameshakimbia. Ukishusha mwendo hadi kilomita 30, mita hizo zinashuka kuwa kama 35, kwa sababu umbali wa kusimama hufuata mraba wa mwendo. Kwa hiyo kifaa cha usalama chenye nguvu kuliko vyote ndani ya gari hilo la mamilioni ni mguu wa kulia kuondoka kwenye mafuta, na huo mguu haukuagizwa kutoka Japani.

Na tabo je? Hapo hesabu inakuwa na dharau kabisa. Injini hata ingekuwa na nguvu za farasi 300, tairi haliwezi kusukuma zaidi ya mshiko lilionao chini. Kwenye barafu hiyohiyo, gari la fowili la aina yoyote, likitumia mshiko wote bila kupoteza hata chembe, litachukua kama sekunde 28 kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa. Probox yenu, kwenye lami kavu ya Tinde, itakuwa imeshafika mwendo huo na dereva wake ameanza kuulizia nauli. Farasi waliobaki wote wanakula mafuta bure.

Ubaya wa fowili, hata hivyo, si kwamba haisaidii. Ubaya wake ni kwamba inasaidia mapema mno, na inasaidia kimya kimya. Corolla inayovutwa na magurudumu mawili inasema ukweli tangu getini: ukigusa mafuta tairi linazunguka bure, usukani unalegea, na unajua kwamba leo barabara ni mbaya. Fowili inaondoka vizuri kana kwamba ni mwezi wa saba. Dereva anakaa ndani ya joto, muziki unapiga, gari limetulia, anafika kilomita 80, na taarifa kwamba chini kuna barafu anaipata kwa mara ya kwanza kwenye kona au nyuma ya lori lililosimama. Kwenye kona hali ni mbaya zaidi, maana tairi lina akiba moja tu ya mshiko. Ukiitumia kuvuta, ya kukata kona inapungua. Unageuza usukani, gari linaendelea na safari yake ya moja kwa moja, na wewe unabaki shahidi. Tena barafu mbaya kuliko zote ni ile nyembamba isiyo na rangi, inayofanana na lami iliyoloa tu. Huanza kwenye madaraja, kwa sababu hewa baridi inapita juu na chini yake. Na jambo ambalo mgeni haamini: barafu ya karibu na nyuzi sifuri inateleza kuliko ya nyuzi 25 chini ya sifuri, kwa kuwa ina utando wa maji juu yake. Siku mwili unapopata nafuu ndiyo siku gari linapopata matatizo.

Najua jibu lenu, maana wapenzi wa Subaru hawajawahi kukosa jibu. Mtasema, mbona kwenye mbio za magari fowili ndiyo bingwa wa theluji? Ni kweli. Audi ilionyesha Quattro yake Geneva mwaka 1980, na mwaka uliofuata Hannu Mikkola akashinda nayo mbio za Sweden juu ya theluji na barafu. Tangu hapo mambo hayakurudi yalivyokuwa. Subaru nayo ilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Lakini inameni mtazame tairi la gari la mbio za Sweden. Ni jembamba ili lichimbe theluji badala ya kuelea juu yake, na limepigiliwa vimisumari vya chuma zaidi ya 300, kila tairi. Gari lile haliitegemei fowili peke yake kushika barafu, linaiuma. Barabara imefungwa, hakuna bodaboda wala mwanafunzi anayevuka, na pembeni ya dereva ameketi mtu mzima ambaye kazi yake yote ni kumsomea kona inayofuata. Kijana wa Val-d'Or anayeiga mbio hizo ana tabo ileile, ila msomaji wake wa kona ni shemeji yake anayechezea simu.

Mbio za kwetu zina ushahidi mzuri zaidi. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilipangwa wakati wa Pasaka ili mvua na matope viwe sehemu ya mtihani. Kuanzia mwanzo huo hadi mwaka 1986 gari la fowili halikuwahi kushinda mbio hizo hata mara moja. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano akiwa na Datsun za kusukumwa na magurudumu mawili. Joginder Singh alishinda mara tatu, kwa Volvo na kisha Mitsubishi Lancer, nazo ni za magurudumu mawili tu. Hata baada ya fowili kutikisa dunia, Toyota Celica ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986. Fowili ilipata ushindi wake wa kwanza mwaka 1987, Audi 200 ya huyohuyo Mikkola. Mtasema kilichoamua pale kilikuwa uimara wa gari, si matope. Sawa, nakubali sehemu kubwa. Lakini basi mmekubali nami kwamba kwenye njia mbaya kuna mambo mengi yanayotangulia idadi ya magurudumu yanayovuta, na dereva ni mojawapo.

Tena ninyi ndio watu wa mwisho duniani wanaopaswa kudanganywa katika jambo hili, maana barafu mnayo. Yenu ni nyeusi. Udongo wa mbuga wa Kishapu na Maswa, mvua ikishaunyeshea, hautofautiani sana na barafu ya huku katika kazi yake: unajaza njia za tairi hadi linabaki laini kama halikuwahi kuchongwa, gari linaserereka likiwa limenyooka, na breki inakuwa pambo. Kila mtu wa Shinyanga ameona nani anakwama wapi. Mchomoko unakwama pembeni ya barabara, watu watatu wanausukuma, unaondoka. Land Cruiser yenye fowili inapita hapo kwa madaha, inaendelea kuingia mbugani, na inazama mahali ambapo trekta lenyewe linafikiria mara mbili kabla ya kuingia. Fowili haijamwondolea mtu kukwama. Imempeleka kukwama mbali na watu. Ukishaelewa hilo umeielewa theluji ya Quebec bila viza.

Kuna wanaosema gari zito ndilo dawa, ndiyo maana wakubwa wanatumia mashangingi. Uzito unaongeza mshiko, kweli, lakini unaongeza vilevile kile kinachotakiwa kusimamishwa, na viwili hivyo vinafutana. Wengine wanatumaini kompyuta ya gari, zile breki zisizofunga gurudumu na mitambo ya kuzuia gari lisizunguke. Ni vitu vizuri, vinagawa mshiko uliopo kwa akili kuliko dereva aliyetaharuki. Kuutengeneza usiokuwepo haviwezi.

Kinacholeta mshiko ni tairi, na Wakanada wa huku wamelielewa hilo hadi wakalitungia sheria. Tangu mwaka 2008 Quebec inalazimisha matairi ya baridi kwa magari ya abiria. Siku hizi kipindi chake ni 1 Desemba hadi 15 Machi, na faini inaanzia dola 200. Sheria hiyo haina msamaha kwa mwenye fowili. Sababu ni ya kitaalamu: mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ilhali ule wa tairi la baridi umechanganywa ili ubaki laini, na uso wake umechanwa mistari midogo midogo ya kuing'ang'ania theluji. Corolla yenye matairi hayo itasimama na kukata kona vizuri kuliko Subaru ya tabo yenye matairi ya kiangazi. Itachelewa kuondoka, basi. Atakayefika nyumbani nadhani mnamjua.

Jambo hili linawahusu hata ninyi msioona barafu nje ya friji. Magari ya mtumba kutoka Japani, na matairi ya mtumba yanayouzwa kando ya barabara, mara nyingine ni hayahaya ya baridi. Muuzaji atakusifia ulaini wake. Ulaini huo ulitengenezwa kwa ajili ya theluji. Kwenye lami ya Shinyanga ya saa nane mchana mpira huo unalika haraka, na breki ya ghafla inakuwa ndefu kuliko ulivyotarajia. Ukikuta ubavuni neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hilo tairi limepotea njia.

Kwa hiyo ninyi mnaochanga hela ya tabo, jioni ya leo chukueni tochi, mwiname kwenye gari mlilo nalo sasa. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, mwishoni kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka lilipotengenezwa, kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiishia na 12 au 13, yaani tairi limezeeka, au limeshakuwa kipara, Subaru isubiri. Nunueni matairi mapya manne, yanayofanana, na mumwambie fundi asiwabakizie lile la zamani "linalofaa bado" kwenye gurudumu la nyuma.